Vipindi kumi kwenye kliniki ya "spichi": mapokezi nyota tano, ripoti nyota moja

Nianze na bei za kliniki hii ya watoto wanaochelewa kusema, maana najua wengi ndiyo mnayoitafuta. Tathmini ya kwanza pamoja na ripoti ni shilingi 150,000. Kipindi kimoja cha dakika 40 ni 45,000. Ukilipia vipindi 12 kwa mkupuo unapunguziwa, unatoa 480,000. Mimi nilitoa hiyo ya mkupuo, kwa mkopo wa SACCOS, na bima yangu haikuchangia hata senti. Hadi sasa tumekwenda vipindi kumi. Jina la kliniki naliacha. Siogopi mtu, ila kuna mmoja mle ndani nisingependa apate taabu kazini kwa maneno yangu, na mkisoma mtamjua ni nani.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, shule ya sekondari, upande wa Mbagala. Kutwa nzima nachambua vitenzi ubaoni, kiambishi cha nafsi, kiambishi cha njeo, mzizi, kiishio, halafu narudi nyumbani kwa mtoto wa kiume aliyetimiza miaka miwili na miezi mitatu bila kuniambia la maana zaidi ya "baba" na "gai", yaani gari. Mtaani hawakosi la kusema. "Mwalimu, kijana wako katulia kama maji ya mtungi!" Mama yangu alileta kombe kutoka Tanga, yaani dawa ya aya za Kurani, limeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, tukamnywesha siku saba. Shangazi akasema ana ulimi mzito, akatwe kile kinyama cha chini ya ulimi. Mwalimu mwenzangu wa Hesabu akanituliza kwamba watoto wa kiume ndivyo walivyo, kaka yake alianza kusema na miaka minne na leo ni wakili. Huyu wa mwisho ndiye aliyetupotezea muda mwingi kuliko wote, kwa sababu maneno yake yalikuwa matamu.

Basi tukaenda. Ukiingia pale unapokewa vizuri mno. Dada wa mapokezi alimwita mwanangu kwa jina tangu siku ya pili. Kuna maji ya kunywa, kiyoyozi, choo kisafi chenye sinki la kimo cha mtoto. Mtu umetoka Mbagala kwa daladala mbili, mtoto amekulalia begani na shati limelowa, ukikaa kwenye lile kochi unasema hapa nimefika. Nyota tano, sina ubishi. Kasoro ni saa tu. Kipindi cha saa nne kinaanza saa nne na dakika ishirini, na bado kinakwisha saa tano kasoro ishirini kama ilivyopangwa. Fanyeni hesabu wenyewe.

Tathmini ndiyo iliyonivunja moyo. Aliyeifanya ni mtaalamu wao mkubwa, mtu mpole, simsemi vibaya. Alitoa kitabu cha picha kilichotoka Uingereza akaanza kumfunulia mtoto: mtu wa theluji, mashine ya kubanika mkate, kofia ya sufi yenye kishada, mbweha. Anauliza kwa Kiingereza kwanza, akiona kimya anarudia kwa Kiswahili. Mwanangu alimtazama yule mtu wa theluji kwa makini sana, kisha akanigeukia mimi kama anayeuliza huyu ni nani. Sifuri. Walipofika kwenye gari akasema "gai", akapata alama yake moja na akataka kuondoka na kitabu.

Fomu ya maneno nilijaza mwenyewe pale kwenye kochi: mtoto anasema maneno gani? Nilikuna kichwa, nikaandika 14.

Ripoti ilikuja baada ya siku tisa. Kurasa sita, Kiingereza kitupu. Mimi nimeisoma, lakini nilifikiria mama muuza samaki wa jirani yangu akipewa karatasi zile afanye nazo nini. Ndani wameandika kwamba mtoto ana upungufu wa sarufi kwa kuwa anaacha viambishi, anasema "taka" badala ya "nataka". Kwamba ana kasoro ya matamshi kwa kuwa anasema "gai" na "luka" mahali pa "gari" na "ruka". Na kwamba familia ichague lugha moja ya kuzungumza naye, ikiwezekana Kiingereza, kwa ajili ya shule. Hilo la mwisho lilinichoma. Mimi nafundisha Kiswahili, ndicho kinachotulisha nyumbani, halafu naambiwa nikiache mlangoni. Na hiyo "luka", jamani! Wakati wa uchaguzi nusu ya mtaa wetu unapiga "kula" na hakuna aliyepelekwa kliniki.

Vipindi viwili vya kwanza vilikuwa vya kadi. Mtoto anakalishwa kwenye kiti kidogo, anaoneshwa kadi, "sema mpira", "sema kiatu". Akisema anapewa kibandiko cha nyota. Alirudi nyumbani na vibandiko vinne, vyote vimenata kwenye suruali yangu.

Kipindi cha tatu mtaalamu mkubwa alikuwa safarini, tukapewa binti mmoja ambaye hajamaliza hata mwaka kazini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, dokta."

"Mimi siyo dokta, mwalimu. Niite dada tu."

Akavua viatu, akaketi mkekani. Midoli yote ya kigeni akaisukuma pembeni, akatoa sufuria, mwiko na kopo la maharage. Mwanangu akamfuata bila kuitwa. Wakakaa wanamimina maharage kutoka hapa kwenda pale, na yule binti hakumuuliza chochote. Dakika ya kwanza, ya pili, kimya. Mimi nikaanza kuhesabu pesa yangu inavyoyeyuka. Dakika ya tatu maharage yakamwagika, mtoto akasema "mwaa!" na dada akasema "Yamemwagika!" kwa mshangao uleule, kama wazee wawili wamemwaga kahawa barazani. Mwanangu akacheka kwa nguvu, akayamwaga tena kwa makusudi.

Kisha akanigeukia. "Mtoto anashinda na nani, mwalimu?"

"Na bibi yake."

"Na fomu ya maneno alijaza nani?"

"Mimi."

Akainamisha kichwa kuficha tabasamu. "Naomba kipindi kijacho uje na bibi."

Hapa inabidi niwaeleze kidogo. Bibi huyo ni mama mkwe wangu, Msukuma wa Kwimba. Mimi ni mtu wa Tanga, na nilivyolelewa mimi, mkwe humkalii karibu ukamhoji. Namwamkia, nampisha, akipita sebuleni nashusha sauti ya redio. Miaka miwili mama yule ameshinda na mwanangu, na sikuwahi kumuuliza hata siku moja mtoto anasema nini nikiwa kazini.

Kipindi kilichofuata nilikwenda naye. Orodha ya maneno aliyoitumia dada yule kumhoji ina historia ambayo nilimlazimisha anieleze, maana sisi walimu hatuachi kitu. Chimbuko lake ni orodha za maneno za Marekani, mzazi anazopewa akaweka alama kwenye maneno ambayo mtoto anayaelewa au anayasema. Katie Alcock wa Chuo Kikuu cha Lancaster na wenzake, akiwemo Amina Abubakar, walizifanyia kazi kule Kilifi, pwani ya Kenya, na kutengeneza za Kiswahili na za Kigiriama. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2015. Kuna jambo moja walilofanya ambalo mimi naona ndiyo akili yote ilipo. Wazazi wengi wa kule hawakuwa wasomaji, kwa hiyo fomu haikugawiwa ijazwe. Mtu alikaa na mzazi akamuuliza kwa mdomo, neno kwa neno. Dada alikuwa ameirekebisha kidogo ifae Dar, kaweka bajaji na chipsi, na akaketi na mama mkwe mkekani, wakaanza.

Nilikaa pembeni kama mwanafunzi aliyechelewa. Ng'ombe? "Anasema ombe." Ndizi? "Dizi." Nyonyo, ubwabwa, dede, vyote vipo. Wakafika kwenye maji.

"Anasema mii," mama mkwe akajibu.

"Mii?"

"Minzi. Kisukuma hicho. Maji."

Ndugu zangu, hiyo "mii" nilikuwa naisikia kila jioni. Mtoto anasimama mlangoni mwa jiko, anasema mii, mii, mii, na mimi namwambia mama yake mtoto anadeka, mchukue. Alikuwa ananiomba maji. Miezi sijui mingapi mwanangu ananiomba maji kwa Kisukuma na baba yake mwalimu wa lugha anamwona anadeka.

Ikafuata "mayu", anavyomwita mama yake bibi akiwepo. Ikafuata "noni", akiona njiwa juu ya bati. Mwisho wa orodha mama mkwe alikuwa ametoa maneno 38, tisa kati ya hayo ya Kisukuma. Mimi nilikuwa na 14. Na alijua mtoto ameshaunganisha maneno mara moja, "bibi mii", wiki iliyopita, akiwa na kikombe mkononi.

Msidhani dada alitupongeza tukaondoka. Alisema wazi kwamba 38 bado ni machache. Kipimo ambacho watafiti wengi hukitumia ni hiki: mtoto wa miaka miwili mwenye maneno chini ya 50, au asiyeunganisha maneno mawili, anahesabiwa kuwa amechelewa. Wetu alikuwa ameipita miaka miwili kwa miezi mitatu na zaidi. Ila ukimhesabia lugha zote mbili alizonazo unamwona yeye alivyo, ukimhesabia moja unaona nusu. Nikamuuliza hilo la ripoti, tuchague lugha moja? Akasema hapana, lugha mbili hazimpi mtoto tatizo la lugha, na mwenye tatizo litaonekana katika zote mbili. "Bibi aendelee na Kisukuma chake." Mama mkwe hakusema kitu, lakini alikaa wima zaidi.

Nikamtolea na zile kurasa sita. Alizisoma kwa adabu, hakumsema bosi wake, akanipa majibu mawili tu. Kuhusu viambishi, kuna mtafiti anaitwa Kamil Ud Deen aliyefuatilia watoto wanne wa Nairobi wakijifunza Kiswahili na kutoa kitabu mwaka 2005. Watoto wale hawakuwa na tatizo lolote, na bado walikuwa wanaangusha kiambishi cha nafsi, mara nyingine cha njeo, mara nyingine vyote viwili. Kile kiishio cha mwisho ndicho wasichokiacha. Kwa hiyo "taka" ya mwanangu yenye "a" yake nzuri mwishoni ni Kiswahili cha kitoto cha kawaida. Miaka 16 nafundisha viambishi na sikuwahi kufikiria vinaingiaje kichwani mwa mtu, kipi kinatangulia na kipi kinachelewa. Kuhusu matamshi, akasema upo utafiti wa Nazneen Gangji na wenzake, nao ni wa 2015, uliofanywa hapahapa Dar es Salaam kwa watoto 24 wa miaka mitatu hadi mitano. Ni watoto wachache, lakini ni wetu, na hata hao walianzia miaka mitatu. "Huyu wa kwako miaka miwili na kidogo, mwalimu. Hiyo 'ra' tumwachie kwanza."

Halafu akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza, kabla ya mtu wa theluji, kabla ya 150,000. "Masikio yamepimwa?"

Hayakupimwa. Hakuna aliyetuambia. Mama mkwe akadakia kwamba mtoto mafua hayamwishi, na akiwa anacheza ukimwita kwa sauti ya kawaida hageuki, mpaka upaze. Sisi tulikuwa tunasema ana kiburi. Dada akatuandikia barua twende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kipimo chenyewe ni kidogo kama mchezo: wanaweka kizibo laini sikioni, mashine inasukuma hewa, sekunde chache inachora mstari. Sikio zima linachora kilima. La mwanangu lilichora uwanda, kulia na kushoto. Nyuma ya ngoma ya sikio kulikuwa na maji mazito, na ngoma haikuwa ikicheza inavyotakiwa. Mtoto wa namna hiyo si kiziwi, anasikia kama wewe ukiwa na kichwa ndani ya maji ya bahari. Daktari akasema tusubiri miezi mitatu, maana mara nyingi hukauka yenyewe, na wakati huo tumkaribie, tumwangalie usoni tunapoongea, tuzime televisheni.

Kwa hiyo nyota za kipengele cha tathmini mnaweza kuzikisia. Kliniki inayokupa ripoti ya kurasa sita kuhusu usemi wa mtoto bila kuuliza habari za masikio yake, hata kama kochi ni la ngozi, naipa moja.

Sasa kazi ya nyumbani, ambako naona ndiko pesa yangu ilikorudi. Kipindi cha tano dada alinirekodi kwa simu dakika tano nikicheza na mwanangu. Tukaangalia pamoja. Dakika tano zile niliuliza maswali 31. Hii nini? Na hii? Rangi gani hii? Sema baba, gari. Sema. Mtoto alitamka mara mbili. Nilijiona nafundisha kidato cha pili kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Akaniagiza mambo ambayo yanasikika rahisi hadi ujaribu: nikae chini usawa wa macho yake, nimwache yeye achague mchezo, nikishasema kitu ninyamaze nihesabu hadi kumi kimoyomoyo. Akisema neno moja mimi nimrudishie na la pili. Akisema "gai", nasema "gari linapita". Hakuna "sema". Kuhesabu hadi kumi kulinishinda wiki nzima. Mwalimu hajui kunyamaza, ukimya darasani unamaanisha hawajaelewa. Mama mkwe hakuhitaji kufundishwa. Anachambua mchele, mtoto yuko mapajani, anaongea polepole anachokifanya, anatulia, anamsubiri.

Jambo jingine alilonieleza limenikaa kooni. Si wote wanaochelewa wanaokuja kuwafikia wenzao. Wapo ambao lugha inabaki kuwa mlima hadi ukubwani, na masikio ni mazima, akili ipo. Utafiti mmoja wa Surrey, Uingereza, uliotoka mwaka 2016, ulikuta watoto wa namna hiyo ni takribani asilimia 7.5 ya wanaoanza shule. Mwaka uliofuata jopo la wataalamu lililoongozwa na Dorothy Bishop lilikubaliana hali hiyo iitwe jina moja, tatizo la ukuaji wa lugha, maana kabla yake kila mtu alikuwa na jina lake. Nilipiga hesabu kwa darasa langu la kidato cha kwanza lenye wanafunzi 64, nikapata kama watano. Nina mmoja anakaa dirishani. Ukimpa maelekezo marefu anafanya la kwanza tu. Nimemwandikia "mzembe" kwenye ripoti ya muhula mara mbili.

Nilimuuliza dada mbona wataalamu kama yeye ni wa kutafuta kwa tochi. Akasema fani yenyewe ni changa huku kwetu. Makerere ilianzisha shahada yake mwaka 2008 na kupokea wanafunzi wa Uganda na wa majirani, Watanzania wakiwemo, na siku hizi MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, nao wanafundisha. Ndiyo maana anayepatikana anagombaniwa, na bei mnaziona.

Matokeo: tumerudi kupima masikio baada ya miezi mitatu, kilima kimerudi kulia na kushoto. Mtoto sasa ana miaka miwili na miezi tisa. Maneno tuliacha kuyahesabu yalipofika 160. Anasema "bibi njoo", "gai meenda", "sitaki uji". Hiyo "sitaki" imekuja na kiambishi chake cha nafsi, cha ukanushi, kiishio, kila kitu mahali pake, nami nilifurahi kuliko yeye anavyouchukia uji. Mke wangu anasema ni masikio, mama mkwe anasema ni yeye, mama yangu Tanga anasema ni kombe. Sijabishana na yeyote kati yao.

Kwa anayetaka kwenda kliniki yoyote ya namna hii, kabla hujalipa mkupuo, pima masikio kwanza, hospitali yenye daktari wa masikio. Uliza watampima mtoto kwa lugha gani na kwa picha gani. Omba ripoti kwa Kiswahili, ni haki yako unayeilipia. Na umchukue anayeshinda na mtoto, hata akiwa mkwe wako.

Kwa jumla naipa kliniki nyota tatu, na mbili kati ya hizo ni za mtu mmoja anayekaa mkekani. Tumebakiza vipindi viwili. Niliomba vyote viwe siku za zamu yake. Mapokezi wakaniambia kwa upole wao uleule kwamba wataangalia ratiba, watanipigia. Leo siku ya kumi na moja.